KUKUSANYIKA SI KUSIMAMA



Imezuka rai miongoni mwa vijana wetu kwamba zama za matawi na mikutano zimekwisha. Kwamba yatosha mtu kutuma ujumbe kwa simu, na umma ukamiminika barabarani. Rai hiyo haifai kudharauliwa, lakini hapana budi tuipime.

Tazameni Misri. Tarehe 25 Januari 2011 watu waliitana kwa simu na mitandao, wakajaa Uwanja wa Tahrir mjini Cairo, na baada ya siku 18 Hosni Mubarak, aliyetawala takriban miaka 30, aking'oka. Amma yaliyofuata yanajulikana. Wengi wa waliojaza uwanja hawakuwa na baraza lao wala matawi. Uwanja ulipobaki mtupu, waliokuwa wamejipanga ni Ndugu Waislamu na jeshi. Na Julai 2013 jeshi likashika hatamu. Ulikuwa moto wa makuti: mwanga mkubwa, majivu upesi.

Linganisheni na Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Tarehe 1 Disemba 1955 Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi. Usiku ule ule Bibi Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alichapa maelfu ya karatasi kwa mashine ya stensili, mfano wa hii itoayo gazeti letu. Lakini karatasi zile hazikuwafikia watu waliotawanyika. Palikuwapo chama cha akina mama, palikuwapo makanisa, na watu walikwisha kuaminiana. Tarehe 5 Disemba mabasi yalikwenda bila ya abiria weusi. Siku hiyo hiyo wakaunda jumuiya na kumchagua Martin Luther King, kijana wa miaka 26, kuwa rais wake. Wakapanga magari ya kuchukuana, wakachangishana, wakakutana makanisani wiki baada ya wiki, kwa siku 381, mpaka hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya kuibatilisha sheria ile ya dhulma ilipoanza kutekelezwa. Huo ndio moto wa kumbi.

Hatusemi simu ni mbovu. Simu ni karatasi ya leo. Swali ni nani anayeipokea, na kesho yake atafanya nini. Tunisia ilipokaribia kusambaratika mwaka 2013, waliowapatanisha wanasiasa ni jumuiya nne: ya wafanyakazi, ya waajiri, ya mawakili na ya haki za binadamu. Mwaka 2015 zikapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ile ya wafanyakazi ilikuwapo tangu 1946. Na hata huko, mwaka 2021 Rais Kais Saied alilisimamisha Bunge. Basi ulinzi wa haki hauna likizo.

Liko na jambo la fedha. Sisi wenye maduka twajua: akupaye mtaji ndiye akuchaguliaye bidhaa. Jumuiya iishiyo kwa fedha za ng'ambo peke yake, siku mfadhili akifunga mkoba, nayo hufunga mlango. Ada ndogo ya mwanachama ina heshima kuliko msaada mkubwa wenye masharti.

Na chama chetu nacho kijihadhari. Jumuiya za wavuvi, za wakulima na za akina mama si mali yetu. Zikitukosoa, tuzisikilize, kwani siku tutakapopata madaraka, hizo ndizo zitakazotuzuia tusiwe kama hawa tunaowalalamikia leo.

Basi ndugu, tumeni ujumbe wenu. Kisha njooni tawini, mlipe ada, mkae mkutanoni mpaka mwisho.