Jua Halichimbwi, Nikeli Huchimbwa

Kutoka mlimani Igogo, penye nyumba zilizosimama juu ya mawe, taa za wavuvi wa dagaa huonekana usiku zikiwa zimetapakaa ziwani. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi hutumia betri, na baadhi huchajiwa kwa jua. Moshi umepungua, nami ni miongoni mwa wanaolifurahia badiliko hilo. Lakini betri ikifa haitoweki kama moshi. Hubaki ufukweni, au huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Jambo hilo hilo, kwa kipimo kikubwa, linayakabili mataifa yenye viwanda. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kuwa gari la umeme huhitaji madini mara 6 ya gari la kawaida, na mtambo wa upepo wa nchi kavu mara 9 ya mtambo wa gesi. Haki isemwe: makaa ya mawe yakishachomwa yamekwisha, na kesho lazima yachimbwe mengine, nikeli ya betri yaweza kuyeyushwa na kutumika tena. Sipingi jua wala upepo. Ninachokipinga ni kubadili chanzo cha nishati huku ulaji ukiachwa palepale. Mwenye magari matatu ya petroli mjini Berlin akinunua matatu ya umeme, tena makubwa zaidi, hewa ya mtaa wake itasafika. Shimo litachimbwa kwingine.

Kwingine huko ni Kolwezi kwa kobalti, Mahenge kwa kinywe, na Kabanga, wilayani Ngara, magharibi mwa ziwa letu, kwa nikeli. Kabanga familia zimetakiwa kuhama kupisha mradi. Serikali yetu ina hisa za asilimia 16, na mpango uliotangazwa ni kuyasafishia madini Kahama. Sisi tuliozuia makinikia kusafirishwa mwaka 2017 hatuna sababu ya kulegea hapo.

Lakini kusafisha hapa nchini hakupunguzi ulaji wa kule. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia 2031, walau asilimia 6 ya nikeli katika betri mpya za magari itokane na betri kuukuu au mabaki ya viwandani. Asilimia 94 iliyosalia yaweza kutoka ardhini, na wajumbe wetu wanaokwenda kwenye mikutano ya tabianchi wangeanza madai yao na tarakimu hiyo.