Kalamu Hunolewa kwa Miadi

Wengi kati ya wasomaji wa ukurasa huu wana ndugu, jirani au sahibu mwenye daftari la hadithi lililofungiwa sandukuni. Akiulizwa kitabu kitatoka lini, hujibu, "Inshaallah." Neno hilo ni tukufu, ila tumelitwika uvivu usiokuwa wake. Mwandishi wa namna hiyo hakosi kipaji, na pengine hakosi hata wasaa. Anachokosa ni siku iliyowekwa, ambayo ikifika lazima kazi iwe mikononi mwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mashindano ya uandishi, nayo yapita fedha za zawadi.

Jambo hili si geni kwetu. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, vijana wa madrasa hudurusu usiku na mchana kwa kuwa wajua mashindano ya kuhifadhi Kurani yaja. Mshindi ni mmoja, lakini waliodurusu ni wengi, na kila mmoja hubaki na alichohifadhi. Washairi nao wana ada yao ya kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alitupiana beti na malenga wa Lamu, na katika majibizano ya aina hiyo anayenyamaza huhesabiwa ameshindwa.

Katika hadithi, mfano mwema ni wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mswada wake wa *Mzimu wa Watu wa Kale* ulichukua nafasi ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ukatoka kitabu 1960. Hakuishia hapo. Bwana Msa na kiko chake wakarudi katika *Kisima cha Giningi* 1968, kisha *Duniani Kuna Watu* 1973, na vingine baadaye. Mashindano yalimtolea kitabu kimoja. Vilivyofuata vilipata njia iliyokwisha kufyekwa.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna tuzo ya kitabu kilichokwisha kuchapishwa, na kuna mashindano ya mswada. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ni ya namna ya kwanza. Mwaka 1974 ilimwendea Abdilatif Abdalla kwa *Sauti ya Dhiki*, tungo za kifungoni baina ya 1969 na 1972. Heshima ile ilistahiki. Lakini tuzo kama hiyo haiwezi kumfikia yule mwenye daftari sandukuni, kwa maana humngoja nje ya mlango wa mchapishaji, na mlango huo ndio uliomshinda.

Mashindano ya mswada humpitisha mlangoni. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa zawadi za jumla ya dola 15,000, ilikubali miswada pamoja na vitabu vipya. Mshindi wa ushairi wa 2015, Mohammed Ghassani wa Pemba, diwani yake *N'na Kwetu* ilichapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Huko Tanzania, serikali nayo ilianzisha Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu, na washindi wa kwanza wakatangazwa Aprili 2023.

Hata hivyo, mashindano yana madhara yake yasiposimamiwa. Mwandishi aweza kuandika huku akitazama uso wa mwamuzi, akaacha lahaja ya mama yake kwa kuhofia kukatwa alama. Dawa yake ni kubadilisha waamuzi mara kwa mara, kuficha majina ya waandishi, na kuweka miongoni mwa waamuzi mtu ajuaye Kimvita na Kiamu kama ajuavyo Kiswahili sanifu. Dhara la pili ni kumsahau aliyeshindwa. Mswada ukirudishwa bila neno, mwenyewe huurudisha sandukuni. Ukirudishwa na mistari kumi ya nasaha, huenda mwakani akaja na ulio bora zaidi.

Dhara la tatu ndilo kubwa, nalo ni mashindano ya msimu mmoja. Mfadhili huja, picha zikapigwa, kisha kimya. Kalamu hainolewi mara moja. Afadhali zawadi ndogo ya kila mwaka kuliko donge nono lisilorudi, kwa sababu mwandishi anayejua mwezi wa miadi huyapanga maisha yake kwa mwezi huo.

Basi kwa nini tungoje dola? Madrasa zetu zimekwisha kutuonyesha kwamba shindano huendeshwa kwa waamuzi waaminifu, tarehe isiyobadilika na zawadi ya wastani. Skuli, maktaba na vyama vya vijana kutoka Vanga hadi Faza vyaweza kufanya vivyo hivyo kwa hadithi fupi, na kila mwaka zile kumi bora zikafungwa kijitabu kimoja. Tusipofanya hivyo, habari za mitaa yetu zitaandikwa na wapita njia, nasi tutakuja kuzinunua dukani, tukilalamika kwamba hawakutuelewa.

Mwenye sanduku na alifungue. Na mwenye uwezo wa kuweka siku, aiweke.