Minova–Goma: wa kukata jetoni ni wengi, wa kujibu hayupo

Wasikilizaji wetu, tuseme mama mmoja anashuka toka Numbi na magunia mawili ya maharagi, anakwenda kuuza Goma. Anapanda moto hadi Minova. Pale anaingia boti hadi Kituku. Toka Kituku magunia yanapanda chukudu, yeye anafuata kwa miguu. Safari ni moja, vyombo vitatu, na kila anapobadili chombo kuna mtu anayengoja pesa: kwenye barieri, bandarini, sokoni. Jetoni zinamjaa kwenye kitambaa.

Kodi siikatai. Lakini mama huyo akizama, nani atajibu? Motari atasema kazi yake iliishia Minova. Mkata jetoni atasema yeye anahusika na mizigo tu. Mwenye chukudu hata hamjui.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiitazama toka ufukoni. Makumi ya ndugu zetu walikufa. Wengi walifuata ziwa kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake. Kisha viongozi wa mikoa miwili wakatoa hesabu tofauti za wafu. Gunia linahesabiwa mara tatu njiani, mtu hahesabiwi hata mara moja!

Wenye boti wanapenda kusema: "Raia wenyewe wanajisukuma ndani." Kweli wanajisukuma. Lakini aliyecheleweshwa saa nzima kwenye barieri, akafika bandarini jua linazama, bila paa la kulalia, na watoto na godoro la kukimbia vita, afanye nini? Boti inaanza kujaa kupita kiasi kule kule kwenye barieri, kabla ya nahodha kuwasha mota.

Kwa hiyo wanaoongoza leo, kama wale wa jana, wasituambie kwamba hawana uwezo. Wanaokata jetoni wana kalamu na karatasi. Waandike na majina ya abiria, nakala moja ibaki Minova, nyingine ingoje Kituku. Asiyevaa jile asipande. Boti ikifika kwenye alama ya mzigo, ifungwe, na pesa za jetoni zijenge hangari ambamo waliobaki watalala hadi asubuhi.

Na nyinyi familia mnaopanda kesho: kabla ya kuingia botini, pigeni simu kwa mtu wa Goma, mumwambie jina la boti na mko wangapi.