Chakula chenye jina na siku tatu za muhogo

Juma hili tunaongea juu ya chakula cha kuuza.

Kila mji ulio kwenye njia kubwa una chakula chake. Msafiri akifika Goma ao Bukavu anataka sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo waliotolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Akifika Kisangani anatafuta lituma, makemba yaliyochemshwa na kutwangwa mpaka yakashikana. Akishuka Kindu ao Kasongo anajua atapata wali, maana mpunga umelimwa Maniema tangu wafanyabiashara wa pwani walipofika huku katika karne ya 19.

Na sisi wa Lubutu? Barabara ya Kisangani na Bukavu inapita kwetu. Mashoferi na abiria wanasimama, wanakula, wanabeba cha njiani. Malewa zetu nyingi hazina kibao mlangoni. Zinajulikana kwa chungu: kwa mama wa sombe, kwa mama wa lituma, kwa mama wa kwanga. Hata anayechoma mikate ana jina lake, lakini ngano yake inatoka mbali, na barabara ikiharibika bei ya mkate inapanda. Muhogo na makemba vinatoka kwenye mashamba yetu. Ndiyo sababu jina la kweli la mji huu litakaa katika vyungu vya wamama.

Jina linatoka wapi? Halitoki kwenye wingi wa vyakula. Mama anayepika vyakula sita kila siku hujulikani anajua kipi. Mama anayepika sombe peke yake, iliyotwangwa vizuri, ikaiva kwa saa nyingi, ikatiwa mafuta ya ngazi na samaki, huyo shoferi anamkumbuka hata baada ya miezi mitatu. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba sombe ya leo inafanana na ya juma lililopita. Mteja anarudi kutafuta ladha ile ile aliyoiacha.

Juma hili tunaangalia hasa kwanga, kwa sababu ndiyo inayosafiri. Ikifungwa vizuri ndani ya majani inaweza kukaa siku nyingi bila kuharibika. Lakini kazi yake ni ndefu: kuloweka muhogo, kutoa nyuzi, kutwanga, kufunga, kupika kwa mvuke, kukanda tena, kufunga tena na kupika tena. Katika kazi zote hizo, inayokatwa kwa haraka ni ile ya kwanza, kuloweka. Biashara ikiwa nzuri na gari zikiwa nyingi, siku tatu zinakuwa mbili, na mbili zinakuwa moja. Kwa macho, mteja haoni tofauti kubwa.

Jambo hili limekwisha kutokea katika nchi yetu. Kule Bandundu ya zamani, barabara ya lami kwenda Kinshasa ilipokwisha kutengenezwa, muhogo ukawa mali ya kuuza. Wanunuzi walikuja mara kwa mara, na wamama wakapunguza siku za kuloweka ili wapate wa kutosha. Wachunguzi walieleza habari hiyo mwaka 1992. Muhogo mchungu una sumu, sianidi, na maji ya siku moja hayaitoi yote. Katika vijiji vile watu walipatwa na konzo.

Konzo inakuja kwa ghafula. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza na haina nguvu, na hali hiyo haiponi tena. Daktari Trolli aliandika juu yake mwaka 1938 kule Kwango, na jina lenyewe ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Msumbiji, katika jimbo la Nampula, watu zaidi ya 1,000 walipatwa mwaka 1981 wakati wa ukame, walipokula muhogo usiotengenezwa vizuri. Wanaopatwa zaidi ni watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Tuwaze hapo kidogo. Abiria ananunua kwanga moja, anakula, anaendelea na safari. Anayekula muhogo ule kila siku, asubuhi na jioni, ni mtoto wetu na sisi wenyewe. Tukipunguza siku kwa ajili ya mteja, mzigo mkubwa unabaki nyumbani.

Lakini tunahitaji kuuza kila siku, na franka za shule hazingojei. Ndiyo maana tunasema suluhisho ni vyombo, si siku. Kikundi kitafute ndoo tatu kubwa. Siku ya kwanza asubuhi tunaloweka katika ndoo ya kwanza, kesho yake katika ya pili, kesho kutwa katika ya tatu. Siku ya nne tunafungua ile ya kwanza, tunaiosha na kuijaza upya. Kuanzia hapo kila asubuhi kuna muhogo uliomaliza siku tatu, na hakuna anayekimbizwa. Tufunge kitambaa chenye rangi yake kwenye kila ndoo ili tusichanganye. Na tuushike muhogo kwa vidole: usipokuwa laini mpaka katikati, uongezwe siku.

Kwa unga wa bugali tulionunua sokoni, ambao hatujui ulilowekwa siku ngapi, kuna njia ambayo wamama wa vijiji vya Kwango walifundishwa kuanzia 2010. Tunatia unga mkavu ndani ya beseni na kuweka alama pale unapofika. Tunaongeza maji tukikoroga: unga unashuka, kisha unapanda tena mpaka kwenye alama. Tunautandaza juu ya mkeka, wembamba usiofika unene wa kidole, saa mbili juani ao saa tano kivulini. Sumu inatoka na hewa. Unga huo upikwe siku ile ile.

Na chakula cha kando kisisahauliwe. Samaki, maharagwe, nyama na mayai vinausaidia mwili kutoa sumu iliyobaki. Sombe nayo, kwa kuwa ni majani ya muhogo, inataka kutwangwa sana na kuchemka muda mrefu.

Inabaki bei. Kwanga ya siku tatu ina kazi zaidi kuliko ya siku moja, basi tusiiuze kwa bei ya ile ya haraka. Wamama wa barabara moja wakipatana bei na siku za kuloweka, hakuna atakayelazimika kukata njia ili ashindane na jirani. Hilo tunaomba vikundi viliongee katika mkutano ujao wa likelemba: ndoo ngapi tunazo, ngapi zinakosa, na fedha ya ndoo ya kwanza itatoka kwa zamu ya nani.