TAHARIRI: WAYA MMOJA USITULE HELA YA MAZIWA



Wiki ya pili sasa pikipiki ya ushirika haiwashi indiketa ya kulia. Dereva anatoa mkono. Sawa, mchana mkono unaonekana. Lakini alfajiri saa 11, na madumu ya maziwa nyuma, nani atauona? Nchi yetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayekata kulia anavuka njia ya wanaokuja mbele, na wa nyuma huenda ameshaanza kumpita. Hilo si jambo la kungoja mkutano mkuu.

Fundi mmoja wa mjini ametuandikia tununue waya mpya za pikipiki nzima. Sisi tunapinga. Hebu tufikiri pamoja. Indiketa ya kushoto inapepesa vizuri. Betri, fyuzi na flasha zinahudumia pande zote mbili. Kama kushoto kunapepesa, basi hizo ni nzima. Glopu mbili za kulia kuungua siku moja, mbele na nyuma, ni nadra, na tumezijaribu upande wa kushoto zimewaka. Ubaya uko kwenye swichi au waya wa kulia unaotoka kwenye swichi, basi.

Juzi tuliwasha indiketa ya kulia, tukageuza usukani polepole huku na huku. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Mnaona? Waya umekatika shingoni, unapokunjwa kila siku. Shaba imekatika ndani, gamba la nje zima, ndiyo maana kwa macho hauonekani. Dawa yake ni kipande cha waya, lehemu na tepu ya umeme, na kuacha ulegevu kidogo usivutike tena.

Wenye bodaboda nao wasikilize. Ikizima taa moja tu, angalia glopu, kisha kutu kwenye kikombe chake na waya wa ethi unaoshika fremu. Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae. Mara nyingi utaona taa iliyobaki inapepesa mbiombio au inawaka bila kupepesa. Hiyo ni dalili ya glopu kufa, usikimbilie kununua flasha. Zikizima pande zote, anza na fyuzi na betri. Kama hizo nzima, chomoa flasha ya miguu miwili, unganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, weka swichi upande mmoja. Taa ikiwaka bila kupepesa, flasha imekufa. Isipowaka, rudi kwenye swichi na nyaya.

Na vijana mliofunga taa za LED halafu mnashangaa zinapepesa kama zina kifafa: zinakula umeme kidogo, flasha ya zamani inadhani glopu imeungua. Nunueni flasha ya LED.

Jambo moja tunalikataza kabisa katika chombo cha ushirika: kufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara. Waya ukipiga shoti hakuna cha kuukata umeme, na tangi la petroli liko hapo juu yake.

Tunaiomba Kamati isitie sahihi ile karatasi ya fundi. Jumamosi saa 9 alasiri pikipiki itafunguliwa mbele ya ghala. Mwenye chuma cha kulehemu aje nacho, na dereva asikose.

Katibu