Safari ya Kwanza ya Baiskeli: Tusisifu Mbio



Mtu akijifunza baiskeli ukubwani, siku moja atataka kwenda mbali. Kwetu huku Marangu, mbali ni Moshi mjini. Ni karibu kilometa 40. Unateremka hadi Himo, kisha unafuata barabara kuu hadi mjini. Kurudi ni njia ile ile, ila mwisho wake ni kupanda.

Safari hiyo ni nzuri kwa afya. Baiskeli huimarisha moyo, mapafu na miguu. Humfikisha mtu sokoni bila nauli. Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Napenda watu wengi zaidi waendeshe baiskeli, wanaume kwa wanawake.

Lakini iko tabia moja ambayo naipinga. Tunasifu mbio. Mtu akirudi kutoka safari yake ya kwanza, swali letu ni moja: "Umetumia saa ngapi?" Hatuulizi kama breki zilishika. Hatuulizi kama alikunywa maji.

Sifa hizi zinaumiza watu. Anayepanda mlima akichoka, husimama. Anayeteremka hachoki, kwa sababu baiskeli inamchukua yenyewe. Moshi mjini ni chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu, wanapoanzia safari wapanda mlima, ni zaidi ya mita 1,800. Sisi wa huku juu tunateremka mamia ya mita. Ongeza mkungu wa ndizi kwenye keria. Ongeza utelezi wa njia za udongo wakati wa masika. Raba za breki zikilowa hazishiki upesi. Waendesha baiskeli ninaowafunga vidonda, wengi wameanguka wakiteremka.

Wengine husema kukokota baiskeli ni aibu. Si kweli. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Nick Crane na Richard Crane, walipanda Kilimanjaro na baiskeli zao hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Sehemu nyingi za njia walizibeba. Ikiwa wao walibeba, wewe unaona haya gani kukokota?

Mama mmoja wa kijiji chetu, mwenye watoto wanne, alijifunza baiskeli katika uwanja wa shule. Alipokwenda Moshi mara ya kwanza, aliondoka alfajiri. Penye mteremko mkali alishuka, akakokota. Himo akapumzika. Usiku alilala kwa dada yake mjini, akarudi kesho yake. Vijana walimcheka kwa kuchukua siku mbili. Kwangu mimi, yeye ndiye aliyeshinda. Siku ya tatu asubuhi alikuwa shambani kwake, akilima.

Nawe unayejiandaa, fanya hivi:

1. Anza na mazoezi. Endesha nusu saa kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mwenye ugonjwa wa moyo, kifua au shinikizo la damu aende kwanza zahanati.

2. Kagua baiskeli. Tazama breki zote mbili, tairi na mnyororo. Kiti kikiwa chini mno huumiza magoti. Kiwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini, mguu unakaribia kunyooka.

3. Kula na kunywa. Kula ndizi au uji kabla ya kuondoka. Chukua maji yaliyochemshwa. Kunywa kidogo kidogo hata kama huoni kiu. Huku juu kuna baridi, lakini Himo ni joto.

4. Usinywe mbege wala pombe nyingine. Pombe huchelewesha mkono kushika breki.

5. Ukiteremka, shika breki zote mbili kidogo kidogo tangu mwanzo. Usingoje baiskeli ishike mbio. Penye mteremko mkali shuka, ukokote.

6. Vaa kofia ngumu ukiipata. Panga safari ili ufike kabla ya giza.

Ukianguka, osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Usitie udongo, majivu wala mafuta ya taa. Damu ikitoka sana, kandamiza kwa kitambaa safi. Kisha nenda zahanati, uulize juu ya sindano ya kuzuia pepopunda. Aliyegonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia mno au akachanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Asingoje kesho.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Mfupa huvunjika mara moja, lakini huunga kwa wiki nyingi. Wakati huo nani atalima? Nani atakata majani ya ng'ombe? Basi, ndugu, tubadili swali letu. Mtu akirudi kutoka safari yake ya kwanza tumwulize, "Umerudi mzima?" Akiitika, huyo ndiye wa kupigiwa makofi.

Maswali ya kuzungumza:

1. Katika kijiji chako, ni wapi penye mteremko wa hatari?

2. Kwa nini watu huona haya kukokota baiskeli?

3. Mtu akianguka leo njiani, mtamfikishaje zahanati?