Waya wa klachi usingoje mpaka ukatike



Nataka kusema na waendesha bodaboda, na hasa na wenye pikipiki, juu ya kitu kidogo kinachotusumbua sana huku Kinampanda, wilayani Iramba. Kitu hicho ni waya wa klachi.

Tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2010 za kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, pikipiki ndiyo gari letu vijijini. Ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali ya wilaya Kiomboi usiku, ndiyo inayoleta chaki shuleni, ndiyo inayotoa magunia ya alizeti shambani. Ikikwama njiani saa nane za usiku na mgonjwa yumo juu yake, hakuna nyingine ya kukodi. Nami nimeona mara nyingi kwamba kilichoikwamisha si injini wala tairi, bali ni huo waya.

Madereva husema umekatika ghafla. Si kweli. Waya wa klachi hutoa taarifa mapema. Kwanza wenzo huwa mzito mkononi, kisha nyuzi hukatika mmoja mmoja karibu na kichwa cha waya, kule juu penye usukani. Kile kichwa kimetengenezwa ili kizunguke ndani ya tundu lake kila dereva anapobana. Kikikauka na kujaa vumbi la kiangazi hakizunguki tena, na badala yake waya wenyewe ndio unaokunjwa mahali pale pale, mara mamia kwa siku. Hata mtoto asiye na koleo anajua kukata waya kwa kuukunja huku na huku. Grisi ya kiasi cha punje moja ya hindi, ikipakwa pale kila baada ya wiki chache, ingezuia hayo.

Ndani ya ganda la waya mambo ni mengine. Humo haifai grisi nzito, kwa kuwa hushika vumbi na kugeuka udongo. Inafaa oili nyepesi na safi, wala si ile nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye injini, maana ina chembe za chuma. Ufungue waya upande wa juu, uusimamishe, ulifunge ganda kwa kipande cha mpira wa baiskeli mfano wa faneli, utie oili, kisha usubiri mpaka itokeze chini. Ernest Bowden alipata hataza ya waya wa aina hii Uingereza mwaka 1896, na hadi leo kazi ni ile ile: waya uteleze ndani, ganda libaki mahali pake.

Kuhusu kurekebisha, naona kuna fikra potofu. Vijana wengi hukaza mpaka wenzo hauna nafasi hata kidogo, wakidhani hiyo ndiyo klachi nzuri. Kumbe wanaziunguza sahani za klachi. Waya ukivutwa wakati wote, springi hazizibani sahani sawasawa. Injini hulia kwa nguvu mlimani lakini pikipiki haiendi, na petroli inakwisha. Waya ukilegea mno nao ni taabu: gia huingia kwa kishindo, na pikipiki husogea hata ukiwa umebana. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ncha ya wenzo inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta, ingawa kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho cha kufuatwa. Marekebisho madogo hufanywa kwenye skrubu ya juu, makubwa kwenye nati za chini karibu na injini, na mwisho nati ya kufungia ikazwe. Halafu uzungushe usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Ile nafasi isibadilike.

Kazi hii haizidi robo saa. Kwa nini basi haifanyiki? Kwa maoni yangu sababu ni hesabu. Dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni husema pikipiki si yake. Tajiri naye husema matengenezo madogo ni ya dereva. Kati ya hao wawili waya haupati hata tone la oili, na ukikatika hufungwa waya wa breki ya baiskeli, ambao ni mwembamba zaidi, safari ikaendelea. Abiria haulizwi. Wengine huendelea bila klachi kabisa, wakisukuma pikipiki na kuingiza gia kwa nguvu huku mtu ameketi nyuma. Huo si ushujaa hata kidogo.

Sisi walimu tunafundisha habari za wenzo katika Sayansi, na vijana hawa wamepita mikononi mwetu. Walichora wenzo daftarini, wakapata vema, lakini hawajaambiwa kwamba ndio huo wanaoubana leo. Hilo linaweza kusahihishwa darasani bila kungoja waraka.

Kwa wenye pikipiki, ninashauri mkataba wa hesabu utaje waziwazi nani ananunua waya, na kila pikipiki iwe na waya mpya wa akiba, uliolazwa sambamba na ule wa zamani na kufungwa nao, ili ukikatika dereva abadilishe vichwa tu hata gizani. Wanaoendesha mafunzo ya bodaboda, ikiwa ni pamoja na vyuo vya VETA, nawaomba watenge saa moja ya kumpa kila mwanafunzi spana mkononi, afungue waya huo na kuurudisha mwenyewe kabla hajapewa cheti.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kinampanda, Singida.